Simu Yenye Mfumo Huria Inapogoma: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Simu hutoka dukani na mfumo endeshi aliouchagua mtengenezaji, na mtengenezaji huyohuyo ndiye anayeamua lini masasisho yatakoma. Baada ya miaka michache kioo bado ni kizima na betri bado inavumilia, lakini masasisho ya usalama hayaji tena. Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kutafuta mifumo huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Ipo LineageOS, iliyozaliwa Desemba 2016 baada ya CyanogenMod, mfumo uliotangulia, kufungwa. Ipo postmarketOS, iliyoanza 2017 juu ya Alpine Linux kwa nia ya kuipa simu miaka 10 ya maisha, na Ubuntu Touch, ambayo kampuni ya Canonical iliiacha mwaka huohuo wa 2017, jumuiya ya UBports ikaichukua na kuilea. Ipo pia GrapheneOS, inayofanya kazi kwenye simu za Google Pixel.

Maelezo haya ni ya mtu ambaye tayari ameanza kazi na amekwama. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo mtu anayoiona. Hata hivyo, naomba msomaji akumbuke jambo moja tangu mwanzo: simu ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa kuna waya na kompyuta, kisha butiloda inayouamsha mfumo, kisha fremwea, yaani programu za mtengenezaji zinazoendesha vipuri vya simu, kisha mfumo wenyewe, na juu yake programu na mtandao. Dalili huonekana tabaka la juu huku chanzo kikiwa matabaka mawili chini yake. Anayetibu pale anapopaona tu husakinisha mfumo mara tano na kupata ubovu uleule mara tano.

Kompyuta haiioni simu

Unaandika `fastboot devices`, amri ya kompyuta ya kuzungumza na butiloda, na hakuna kinachorudi, au unatoa amri nyingine na kompyuta inabaki na maneno `< waiting for any device >` bila kusonga. Kitu cha kwanza kulaumiwa huwa ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, lakini mimi siku hizi huanza na waya. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikifuta na kurudisha draiva, nikawasha upya kompyuta, nikabadilisha hata kompyuta yenyewe, na simu ilikuwa ikichaji vizuri muda wote huo. Mwishowe niliuchana waya ule kwa wembe. Ndani yake kulikuwa na nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Waya wa USB unaofaa kwa kazi hii una nyuzi nne angalau: nyekundu na nyeusi hubeba umeme, kijani na nyeupe hubeba data. Waya nyingi za bei ya chini zinazouzwa kwa ajili ya kuchajia zimeachwa bila zile mbili za data, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kipimo rahisi, kisichohitaji wembe, ni kuichomeka simu ikiwa imewaka kawaida na kuona kama kompyuta inaweza kufungua picha zilizomo. Ikishindwa, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine.

Waya ukiwa mzima, angalia tundu. Kompyuta kadhaa mpya hugombana na fastboot kwenye matundu ya USB 3. Simu huonekana kisha hutoweka katikati ya kazi. Tumia tundu la USB 2, au pitisha waya kwenye kigawanyaji cha zamani cha USB. Kwenye Windows, usishangae `adb`, amri ya kuzungumza na simu iliyokwisha kuwaka, ikifanya kazi na `fastboot` ikikataa, kwa kuwa simu ikiingia hali ya fastboot hujitambulisha kama kifaa kingine kabisa, nacho huhitaji draiva yake. Kwenye Linux, ukiona maneno `no permissions`, kinachokosekana ni kanuni za udev, zinazokupa ruhusa ya kukitumia kifaa kilichochomekwa. Watumiaji wa Debian na Ubuntu huzipata kwenye kifurushi cha `android-sdk-platform-tools-common`. Neno `unauthorized` lina tiba nyepesi: itazame simu yenyewe, kwa maana kuna swali kwenye kioo linalosubiri ukubali.

Butiloda inakataa kufunguka

Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kuamua mfumo upi uruhusiwe kuendelea. Ikiwa imefungwa, hukubali mfumo wenye saini ya mtengenezaji peke yake. Kiswichi cha kuruhusu ifunguliwe kimo katika chaguo za wasanidi programu, na malalamiko makubwa ni kwamba kimefifia na hakibonyezeki. Iunganishe simu na intaneti kisha usubiri, kwa sababu baadhi ya simu huuliza kwanza kwenye seva za mtengenezaji kama zinaruhusiwa. Zile zilizouzwa awali na baadhi ya kampuni za simu za Marekani hazitaruhusiwa kamwe, hata zikifika mikononi mwako zikiwa safi kama mpya.

Kila mtengenezaji ana masharti yake. Xiaomi hukutaka uifungamanishe simu na akaunti yake, kisha ungoje muda uliowekwa, ambao kwa simu nyingi umekuwa saa 168, yaani siku saba kamili. Usicheze na akaunti hiyo katikati ya kungoja, kwani kuifungamanisha upya huweza kuanzisha hesabu mwanzo. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Kwa Samsung, jina la simu halitoshi: Galaxy S9 yenye namba SM-G960F hufunguka, lakini SM-G960U ya Marekani, yenye kichakataji cha Snapdragon, haifunguki kwa njia ya kawaida ijapokuwa zinafanana kama pacha.

Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zimejaa mifukoni mwetu, nyingi hazimo katika orodha rasmi za mifumo hii. Chanzo si uzembe wa watengeneza mifumo huria. Ili mtu aihamishe LineageOS kwenye simu fulani anahitaji msimbo chanzo wa kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya simu hiyo, pamoja na draiva zinazoendana nayo, na pasipo hivyo kazi huwa ya kubahatisha. Kwa hiyo, anayekwenda Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi kununua simu iliyotumika kwa nia hii, aingie na orodha ya simu zinazokubalika ikiwa tayari mkononi, na asome namba ya modeli iliyoandikwa ndani ya mipangilio, si ile iliyo kwenye boksi.

Ikumbukwe kuwa kufungua butiloda hufuta kila kilichomo. Toa picha, majina na ujumbe kwanza, na uiondoe akaunti ya Google kwenye simu kabla ya kuanza, la sivyo huenda ukakutana baadaye na kufuli inayodai neno la siri la zamani.

Usakinishaji unakatika au unatoa onyo

Hapa kuna dalili tatu ambazo si ugonjwa, nazo zimewafanya watu wengi kuharibu kazi iliyokuwa imekamilika.

Unapotuma mfumo kwa `adb sideload`, hesabu inaweza kusimama kwenye asilimia 47 na kompyuta ikaandika `failed to read command: Success`. Hilo si kosa. Kazi imekwisha, soma kioo cha simu, maana simu ndiyo yenye jibu. Vilevile, unapoongeza programu za Google kupitia rikavari ya LineageOS, ile programu ndogo ya kusakinisha na kufuta mfumo, utaambiwa kwamba uthibitisho wa saini umeshindikana. Kifurushi hicho hakikutiwa saini na LineageOS, hivyo onyo ni la kweli na unaruhusiwa kukubali. Lakini onyo hilohilo likitokea kwa faili la LineageOS lenyewe, simama hapo hapo. La tatu ni ule ujumbe wa rangi unaotokea kila simu inapowashwa, ukisema butiloda iko wazi. Utaendelea kuuona muda wote butiloda ikiwa wazi, na haudhuru.

Kosa halisi ni lile linaloanza na `E3004`, likisema kifurushi ni cha kifaa fulani na simu yako ni nyingine. Liheshimu. Redmi Note 10 Pro katika dunia hii huitwa `sweet`, Redmi Note 10 huitwa `mojito`, na Redmi Note 10S huitwa `rosemary`. Ni simu tatu tofauti ambazo majina yao ya dukani yanapishana kwa herufi. Wako wanaofundisha jinsi ya kulifuta sharti hilo ndani ya faili ili usakinishaji ulazimike kuendelea. Sijaona sababu ya mtu wa kawaida kufanya hivyo, na nimeona simu zilizokufa kwa njia hiyo.

Kosa jingine halisi ni faili lililopakuliwa nusu. Mfumo mmoja unaweza kukaribia au kupita GB 1, na bando likikatika katikati, kivinjari huweza kukuachia faili lenye jina kamili lakini lenye pengo ndani. Linganisha alama ya SHA256, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaolitambulisha faili, iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia na ile unayoipata kwa `sha256sum` kwenye Linux, au `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256 kwenye Windows. Ni dakika moja, nayo humaliza mashaka yote ya upande huo.

Simu inazunguka kwenye nembo

Hii ndiyo dalili inayowatia watu jasho, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kwanza, ngoja. Kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya usakinishaji ni kuzito, na LineageOS inaweza kuchukua hadi dakika 15. Weka simu chini, iache kwenye chaji, tazama saa. Zikipita 15 na nembo bado inazunguka, sasa kuna tatizo.

Chanzo kinachoongoza ni data ya zamani. Ukitoka kwenye mfumo wa mtengenezaji, hifadhi ya ndani imefungwa kwa funguo za usimbaji ambazo mfumo mpya hauwezi kuzitumia. Kufuta programu na mipangilio peke yake hakutoshi. Rudi rikavari na uchague kuformati data yote, kisha uwashe tena. Katika simu kumi zilizogoma hivi, mimi hutarajia nyingi ziamke kwa hatua hiyo moja.

Chanzo cha pili ni programu za Google zilizowekwa kwa kuchelewa. Zinapaswa kuingizwa mara tu baada ya mfumo, kabla simu haijawaka hata mara moja. Mtu akiiwasha kwanza "aone kama inafanya kazi", kisha akarudi kuziongeza, hupata simu inayozunguka au inayojaa ujumbe wa programu zilizosimama. Tiba ni kuformati data na kuanza upya kwa mpangilio sahihi.

Chanzo cha tatu kimejificha zaidi. Simu nyingi zilizotoka baada ya Android 7.0 ya mwaka 2016 zina nafasi mbili za mfumo, A na B. Moja inatumika huku nyingine ikipokea sasisho. Fremwea ya nafasi A inaweza kuwa mpya na ya B ikawa ya zamani, au B ikawa tupu kabisa kwa kuwa simu haijawahi kupokea sasisho tangu kiwandani. LineageOS inasakinishwa kwenye nafasi isiyotumika, kisha simu inaamkia huko na kukuta msingi usioendana nayo. Ndiyo sababu maelekezo ya simu hizo yana hatua ya kunakili sehemu za nafasi moja kwenda nyingine kwa kifurushi kiitwacho `copy-partitions`. Wengi huiruka hatua hiyo kwa kuwa inaonekana kama nyongeza.

Kuna jambo moja ambalo usilifanye simu ikiwa katika hali hii, wala ikiwa nzima na LineageOS ndani yake: usiifunge tena butiloda. Butiloda iliyofungwa itakagua saini, itakuta mfumo usio wa mtengenezaji, na itakataa kuendelea. Na kuifungua tena huenda kusiwezekane. GrapheneOS ni tofauti, maana maelekezo yake yanamtaka mtu aifunge mwishoni, kwa kuwa Pixel hukubali funguo za mfumo mwingine. Mwongozo wa simu moja usiuhamishie nyingine kwa sababu tu hatua zinafanana.

Laini haisomi, au inasoma bila intaneti

Bonyeza `*#06#`. Jibu la kipimo hiki hugawa njia mbili.

Namba ya IMEI, yaani utambulisho wa kipekee wa simu, ikitokea sawasawa, tatizo mara nyingi ni dogo. Intaneti isipopatikana, mipangilio ya APN, yaani jina la mlango wa intaneti wa kampuni ya simu, haikujazwa: kwa Vodacom na Airtel za Tanzania neno ni `internet`, na kwa Safaricom ya Kenya ni `safaricom`, jina la mtumiaji `saf`, neno la siri `data`. Menyu ya M-Pesa ya Kenya, ile inayokaa ndani ya programu ya laini, isipoonekana, zima simu, toa laini, irudishe na uwashe tena, kwa kuwa programu ile hujificha ikiwa haikuisoma laini wakati wa kuamka. Kwa ndugu walio Marekani, mitandao mikubwa ya huko ilizima 3G mwaka 2022, hivyo mfumo usioweza kupiga simu kwa VoLTE, yaani sauti kupitia mtandao wa 4G, utapata intaneti bila kuweza kupiga.

Ikitokea sifuri, au namba haipo kabisa, sehemu ndogo ya hifadhi inayotunza utambulisho wa redio imefutwa au imeharibika. Kwenye simu za Samsung huitwa EFS. Kwenye nyingi za Qualcomm ni `modemst1` na `modemst2`. Tiba yake nyepesi ni moja: nakala uliyoihifadhi kabla ya kuanza, ukiirudisha kwa rikavari ileile. Aliyekosa nakala ajaribu kurudisha fremwea rasmi ya modeli yake, ambayo wakati mwingine huziamsha sehemu hizo. Asikubali kuandikiwa IMEI ya simu nyingine mtaani. Kenya mwaka 2012 na Tanzania Juni 2016 zilizima simu bandia kwa kutumia namba hizo, na kubadilisha IMEI ni kosa la jinai Tanzania.

Mfumo umewaka, lakini viungo vingine havifanyi kazi

Kamera inafunguka nyeusi, sauti haitoki, alama za vidole hazisomwi, Bluetooth inajizima. Ubovu wa aina hii ukija kwa pamoja, shuku fremwea. Mifumo huria inaandika upya sehemu ya juu ya simu, lakini kamera, redio na sauti bado hutegemea draiva funge za mtengenezaji, nazo lazima ziwe za toleo ambalo mfumo ulijengewa. Mfano mzuri ni Pixel 3a. Anayetaka Ubuntu Touch hutakiwa kuirudisha kwanza kwenye Android 9, wakati LineageOS ya simu hiyohiyo hutaka msingi mpya zaidi. Anayetoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kubadili msingi hupata simu inayowaka na kuvutia macho, ila haina sauti.

GPS ina kisa chake. Bila msaada wa intaneti, simu hupokea ratiba ya satelaiti kutoka angani kwenyewe, na ratiba nzima huchukua dakika 12.5 kutangazwa. Toka nje, kaa mahali wazi robo saa, kisha ndipo useme ni mbovu.

PinePhone na postmarketOS

PinePhone, simu iliyoundwa kwa ajili ya Linux, ni kompyuta ya mkononi yenye laini kuliko ilivyo simu ya kawaida, na makosa yake ni ya aina nyingine. Ikifika mpya haiwaki kwa sababu kuna kipande cha plastiki kati ya betri na vinyuzi vyake; fungua mgongo, toa betri, kivute. Chini ya mgongo huohuo kuna swichi sita ndogo mno, za kusukumwa kwa ncha ya kijiti cha meno: modemu, Wi-Fi pamoja na Bluetooth, maikrofoni, kamera ya nyuma, kamera ya mbele, na tundu la vipaza sauti vya masikioni. Swichi ya sita ikiwa imezimwa, tundu lile hugeuka kuwa mlango wa kusomea ujumbe wa mfumo, na vipaza sauti havitoi kitu. Watu wamehangaika na mipangilio ya sauti kwa siku kadhaa kumbe ukucha uligusa swichi hiyo wakati wa kuingiza laini.

Ukisakinisha mfumo mpya ndani na bado unauona wa zamani, toa kadi ya kumbukumbu, maana PinePhone husoma kadi kwanza kabla ya hifadhi ya ndani. Modemu huhitaji nusu dakika hivi baada ya simu kuwaka. Ikipotea baada ya simu kulala, anzisha upya huduma ya `eg25-manager`. Na kioo cha postmarketOS kikidai namba ambayo hukuiweka, jaribu `147147`, ambayo ndiyo ya mwanzo katika faili zilizojengwa tayari.

Programu za benki zinakataa

Hapa mfumo wako haujaharibika. Programu hizo humuuliza Google, kupitia Play Integrity, kama simu ina kibali chake, na simu yenye butiloda wazi hukosa kibali hicho. Zipo mbinu za kuficha hali ya simu, na huvunjika kila Google inapobadilisha kipimo. Kwa fedha za mtu sizipendekezi. Huduma za kubonyeza, kama `*150*00#` ya Tanzania au `*334#` ya Kenya, hupita kwenye laini wala hazijali mfumo, na kwa wengi wetu hizo zinatosha.

Ukikwama kabisa

Wanaotunza mifumo hii hufanya hivyo zaidi kwa kujitolea, na hawana simu yako mikononi. Wape modeli kamili, toleo la mfumo lenye tarehe yake, fremwea iliyokuwepo kabla, na kumbukumbu iliyochukuliwa mara tu tatizo linapotokea: `adb logcat -b all -d > kumbukumbu.txt` kwa mifumo ya Android, au `dmesg` kwa postmarketOS. Kabla ya kuituma, ifungue kwa kihariri cha maandishi, utafute namba yako ya simu na IMEI, na uzifute.